Msamaha wa Raisi haufuti hukumu

Ndugu mmoja katoka gerezani kwa msamaha wa Raisi. Anaomba kazi, anadaiwa kazie judisieri, na hukumu yake ingali mle. Analia kwamba amedanganywa. Hapana, hakudanganywa.

Katiba, kifungu cha 87, inampa Raisi uwezo wa kusamehe adhabu, kuipunguza au kuibadilisha. Mlango unafunguliwa, lakini hukumu inabaki. Wafungwa wapata 700 walisamehewa hivyo Machi 2019.

Amnistia ni jambo lingine: inapitishwa na Bunge kama sheria, nayo inafuta kosa lenyewe. Ile ya tarehe 11 Februari 2014, baada ya vita vya M23, iligusa makosa ya uasi, ya vita na ya siasa yaliyotendwa tangu Januari 2006 hadi tarehe 20 Desemba 2013. Aliyeitaka alitia sahihi ahadi ya kutorudia. Ubakaji, mauaji ya kimbari na kuingiza watoto jeshini viliachwa nje.

Wizi wa kawaida haukuguswa pia. Ndiyo kusema, aliyebeba bunduki aliweza kusafishwa, na kijana aliyeiba mbuzi akabaki na doa lake. Wenye kulalamika juu ya hilo wana haki, kwa maoni yetu.

Lakini sheria ile haikumnyima mwathirika malipo ya hasara yake. Mama aliyechomewa nyumba aliruhusiwa bado kudai. Sasa amnistia inapotajwa tena katika mazungumzo ya amani, wachungaji waulize kwanza kama kifungu hicho kitakuwamo.