Motokaa ya Chama Iliyo Juu ya Mawe

Bwana Mhariri na ndugu wanachama,

Naomba nafasi katika gazeti letu ili nitoe shauri langu juu ya ile Land Rover ya Chama iliyo juu ya mawe nyuma ya jumba letu la mikutano. Katika mkutano uliopita yalisemwa maneno mengi juu yake, na mengine yalisemwa kwa kicheko. Bwana mmoja alitaka iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Wa pili alitaka ipakwe rangi mpya, ipate kupendeza siku ya sherehe. Wa tatu alitaka tukope fedha tununue motokaa ndogo iliyotumika Japani. Wote watatu walisema vizuri, walakini hakuna hata mmoja aliyekuwa amefunua boneti yake. Mimi naona yafaa kwanza tujue kitu tulicho nacho ni kitu gani, ndipo tukate shauri.

Land Rover ilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza mjini Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948. Aliyeibuni ni Bwana Maurice Wilks wa kampuni ya Rover ya Uingereza, ambaye alikuwa akitumia jeep kuukuu ya Marekani katika shamba lake huko Anglesey, akaona kwamba hana kitu cha kuweka mahali pake itakapokufa. Wakati ule, baada ya Vita Kuu ya Pili, chuma kilikuwa kikigawiwa kwa kipimo Uingereza, lakini alumini ilipatikana. Kwa hiyo bodi ilifanywa kwa mabati ya alumini, na chuma kikawekwa pale ambapo hapana budi, khasa kwenye chasisi. Kampuni ilidhani itakuwa kazi ya miaka michache tu ya kupita katika shida. Badala yake, motokaa ya 1,000,000 ilitoka mwaka 1976, na ukoo wake wa zamani haukukoma kuundwa pale Solihull mpaka tarehe 29 Januari 2016.

Hii yetu ni ya namna ya tatu, iliyoundwa kati ya mwaka 1971 na 1985, ile ndefu yenye inchi 109 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, na injini ya petroli ya silinda nne yenye ujazo wa sentimita 2,286. Namna hii ilienea sana katika nchi zetu. Waganga, mabwana misitu, mabwana shamba, askari polisi na wapima ardhi waliipanda. Jirani zetu wa Kenya walikuwa wakiziunganisha wenyewe Thika, katika kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1974 kwa jina la Leyland Kenya. Maana yake ni kwamba mafundi walioikunjua na kuikunja hawajaisha, na spea zake bado zapatikana, mpya na kuukuu. Mtu asituambie kwamba ni mnyama asiyejulikana.

Sasa, kwa nini tunaihitaji? Ndugu zangu, kila mmoja wetu anajua habari ya masika. Mwanachama akifiwa huko milimani, au mzee wetu aliyestaafu akiugua usiku katika kijiji ambacho njia yake ni tope na mawe, tunafanya nini? Tunachanga fedha za kukodi, tena kwa bei ambayo mwenye motokaa anaitaja akijua hatuna la kufanya. Na mara nyingine hata wa kukodiwa hakubali kwenda. Motokaa ndogo ya Japani itatufikisha mahali ambapo lami inakwisha, na kutoka hapo jeneza litabebwa mabegani. Mimi siidharau motokaa hiyo. Kwa mtu aliye mjini ni kitu kizuri, tena haili petroli nyingi. Hii yetu, tuseme kweli, inakula: aghalabu lita moja haiipeleki zaidi ya kilomita 6 au 7. Lakini motokaa inayokula kidogo na isiyofika haikutusaidia neno.

Tena yafaa tuulize ni kitu gani kilichoipandisha juu ya mawe. Watu husema ni uzee. Si kweli. Iliponunuliwa katika mnada ilikuwa ikienda. Kilichoiua ni kwamba ilikuwa na wenyewe wengi na haikuwa na mtunzaji. Kila katibu aliyeingia aliitumia. Hakuna aliyeandika siku ya kubadili oili. Rejeta ilipovuja ilitiwa maji ya mtoni, ikavuja tena ikatiwa tena. Kisha betri ikafa, ikasemwa itanunuliwa mwezi ujao, na mwezi huo haujafika. Sisi ambao kazi yetu ya kila siku ni kuandika daftari za watu wengine tulishindwa kuandika daftari moja ya motokaa yetu. Nasema haya si kwa kumlaumu mtu, ila kwa sababu tukiifufua bila kuweka mtunzaji mmoja mwenye daftari, tutakuwa tumetupa fedha.

Nije kwenye kazi yenyewe. Jambo la kwanza halihitaji spana: ni kadi. Namba ya chasisi imegongwa katika chuma chenyewe, mbele upande wa kulia penye mshikio wa springi. Na isuguliwe kutu kwa brashi isomwe, ilinganishwe na kadi iliyo katika sanduku la Mtunza Hazina. Zisipolingana, au kadi ikiwa bado ina jina la mwenyewe wa kwanza, hilo limalizwe kabla ya kununua hata msumari. Motokaa nzima isiyo na kadi ni balaa kuliko motokaa mbovu.

La pili ni chasisi. Watu wakiona bodi haina kutu hudhani motokaa ni nzima, kumbe bodi ni alumini nayo haishiki kutu ile nyekundu. Chasisi ni chuma, tena ni kama sanduku refu lenye uwazi ndani. Tope huingia, matundu ya kutolea maji huziba, na kutu hula kutoka ndani huku nje pakionekana pazuri. Dawa yake ni nyundo ndogo. Mtu alale chini, agonge mwendo wote, khasa boriti ya nyuma kabisa, mishikio ya springi, na yale mabega yanayotokeza kushika bodi. Chuma kizima hulia; chuma kilicholiwa hutoa sauti ya kibuyu, na pengine nyundo huzama. Palipooza padogo patakatwa na kuchomelewa chuma kipya. Lakini ikiwa chasisi imekwisha kila mahali, hapo nami nitanyosha mkono pamoja na bwana wa vyuma chakavu, na tutauza injini na giaboksi mbalimbali tupate bei iliyo bora. Pia atazame pale alumini inapogusana na chuma, kwa maana madini hayo mawili yakikutana penye unyevu, alumini huliwa na kuwa unga mweupe. Hilo ni baya kwa macho, lakini si la kutuangusha njiani.

La tatu ni breki, na hapa naomba wasomaji wanivumilie, kwa kuwa ndipo penye roho za watu. Desturi ya mafundi wengi ni kuanza na injini, maana injini ikinguruma mwenye motokaa hufurahi na kutoa fedha. Halafu motokaa huenda barabarani na breki za miaka kumi iliyopita. Mafuta ya breki yana tabia ya kunywa unyevu wa hewa. Yakikaa miaka, maji hayo huleta kutu ndani ya silinda ndogo za magurudumu, na raba zake hukauka au kuoza. Kwa hiyo ngoma zote nne zifunguliwe. Silinda zikiwa zimechimbika zibadilishwe. Zikiwa laini, raba mpya zatosha. Mipira ya breki ibadilishwe yote bila kujadiliana, na mafuta yote yawe mapya. Na mtu yeyote atakayethubutu kutia oili ya injini mahali pa mafuta ya breki, akisema ni mafuta tu, afukuzwe kazini siku hiyo hiyo: oili ya namna hiyo hufurisha raba, na njia nzima ya breki huharibika.

Tena kuna jambo la breki ya mkono ambalo madereva wengi hawalijui. Katika Land Rover hizi, breki ya mkono haishiki magurudumu yenyewe; inashika shafti inayotoka nyuma ya giaboksi. Motokaa ikiwa chini yote inasimama vema. Lakini ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu hulifanya lile lililo hewani lizunguke bure, na motokaa inaweza kwenda huku breki imevutwa mpaka mwisho. Aliye chini yake hana habari. Kwa hiyo magogo ya kuzuia magurudumu ni lazima, wala haitoshi kusema nimevuta breki.

Ndipo tuje kwenye injini. Asitokee mtu wa kusema tuisukume vijana tuone kama itawaka. Injini iliyolala miaka ikilazimishwa huvunja ringi zake au hupinda vali. Plagi zote nne zitolewe, kila silinda itiwe oili kidogo, iachwe siku moja au mbili. Kisha izungushwe polepole kwa hendeli, nayo namna hii bado ina tundu lake mbele, ndiyo fadhili ya waliobuni zamani. Ikizunguka bila kukwama, oili yote ya zamani imwagwe itiwe mpya pamoja na kichujio, petroli iliyogeuka na kunuka kama vanishi itolewe katika tangi, na tangi lisafishwe kutu; kabureta ifunguliwe na kuoshwa. Kile chombo cha kusafishia hewa ni bakuli la oili. Mimi nakisifu sana kwa nchi yetu ya vumbi, maana hakihitaji kununua kitu kila mara, ila kuosha na kutia oili mpya. Kwanza lakini atazamwe panya. Panya hupenda kujenga humo, na nyigu hupenda kuziba mabomba kwa udongo. Panya hao hao hutafuna nyaya, na waya uliotafunwa ukipewa betri mpya huweza kuiunguza motokaa yote saa ile tunapoishangilia.

Tairi nasema kwa ufupi. Zina vidole vizuri, lakini zimepasuka pembeni kwa jua. Kila tairi ya siku hizi ina tarakimu nne zinazotaja juma na mwaka iliyofanywa; asome Bwana anayesema bado ni mpya.

Na rangi? Haifai kununuliwa hata kopo moja mpaka motokaa imekwenda mlimani na kurudi mara tatu. Najua wengine wataona aibu kupanda motokaa yenye madoa. Lakini rangi ndiyo inayodanganya mnunuzi, na sisi hatuuzi.

Sasa fedha, maana Mtunza Hazina ananitazama. Shauri langu ni kwamba mkutano uweke kikomo kabla ya kufungua msumari wa kwanza, na kikomo hicho kisizidi nusu ya fedha ambayo tungelipa kwa motokaa ile ya Japani. Tena fedha zisitolewe kwa mkupuo. Zitolewe za kadi na uchunguzi wa chasisi tu, kisha fundi alete habari. Habari ikiwa njema, zitolewe za breki na tairi. Injini iwe ya tatu. Kwa njia hii, tukikuta ubaya tutasimama tukiwa tumepoteza kidogo. Nami nataka hata wale wasiokubali shauri hili wapewe haki ya kuzuia fungu la pili wakiona sababu. Spea kuukuu zikaguliwe na watu wawili, wala risiti isiandikwe na yule aliyenunua. Mtu asikasirike kwa neno hilo. Fedha za msiba wa mjane ndizo zinazotumika hapa.

Wako wanachama wetu waliofanya kazi katika karakana za serikali kabla ya kustaafu, na mikono yao haijasahau. Wao hawakuulizwa katika mkutano uliopita, kwa sababu walikaa nyuma na waliozoea kusema walikaa mbele. Mimi nawaomba wasimamie kazi hii, walipwe posho ya haki, na kila mmoja apewe kijana mmoja wa wanachama wa kumfundisha. Motokaa hii ni ya watu wa kizazi chao. Namna ya kuiweka sawa haikuandikwa ukutani.

Basi, ikiwa Halmashauri itakubali, uchunguzi wa chasisi unaweza kufanywa Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa mbili asubuhi, kabla jua halijawa kali. Nyundo ninayo, na brashi ya waya nitaleta. Atakayekuja na jeki, na aje na magogo manne pia.

Wenu katika Chama,
Mwanachama wa Zamani