Njia ya Faili Huanzia Wapi?

Mgeni aliyeambiwa, "Ingia uchochoro wa pili mkono wa kushoto," hufika nyumba moja akianzia Forodhani, na nyumba nyingine kabisa akianzia Darajani. Kila mkaazi wa Mji Mkongwe wa Unguja analijua jambo hili. Hata hivyo, wanafunzi wetu wanaotunga programu za seva kwa lugha ya Java hulisahau, na sababu, kwa maoni yangu, ni namna tunavyowafundisha.

Mwanafunzi huandika kwamba matokeo yamo katika "data/matokeo.txt". Hiyo ni njia tegemezi, yaani haitaji mahali pa kuanzia. Java huihesabu kutoka katika folda ambamo Java yenyewe iliwashwa. Katika kompyuta ya mwanafunzi, folda hiyo aghalabu ndiyo ya kazi yake, basi faili huonekana. Programu ihamishiwapo kwenye seva kama Tomcat, safari huanzia penginepo. Faili lipo palepale. Anayelitafuta ndiye aliyeanzia pasipo.

Wengi hukimbilia kuandika njia kamili ya kompyuta yao, ianzayo na "C:". Hilo nalo halifai, kwani diski yenye jina hilo haimo katika seva inayotumia Linux, ambako hata "Matokeo" na "matokeo" ni majina mawili mbalimbali.

Utaratibu ufaao ni kuyagawa mafaili mafungu mawili. Faili linalosafiri pamoja na programu liombwe kupitia programu yenyewe, kwa amri ya getResourceAsStream. Faili linaloletwa na watumiaji liwekwe nje ya programu, katika folda iliyotajwa kwenye mipangilio ya seva. Likiachwa ndani, yamkini litafutwa siku toleo jipya litakapowekwa, na atakayepata hasara ni raia aliyeleta nakala ya cheti chake, ambaye hajui lolote juu ya njia za mafaili.

Kwa hiyo, walimu wenzangu, tusitoe alama kwa programu iliyojaribiwa mahali pamoja tu. Tumtake mwanafunzi aiwashe kutoka folda nyingine, kisha katika kompyuta ya mwenziwe. Jaribio hili halihitaji maabara ya fahari, bali dakika chache za kipindi. Mwanafunzi atakayezoea kuuliza "kutoka wapi?" kabla ya kuuliza "wapi?" ataweza kukabidhiwa kumbukumbu za watu.