Bwawa la Kwanza na Liwe Dogo



Kila mwaka masika yakielekea kwisha, na maji yangali yanapita mferejini, huja watu kunitaka habari za samaki. Swali lao la kwanza ni moja: "Vifaranga nitavipata wapi?" Mimi huwajibu kwa swali jingine: "Maji yako ni ya rangi gani?" Wengi hucheka, maana hufikiri kuwa nawafanyia mzaha. Mtu akiniambia kwamba amemaliza kuchimba jana na gari la kubeba vifaranga limekodiwa kesho, basi najua fedha zake zimo hatarini.

Maoni yangu nitayasema wazi, ingawa wako watakaoyakataa. Mkulima mwenye ekari nne au tano katika skimu, anayeanza kufuga samaki, na achimbe bwawa moja tu, tena dogo. Atie samaki wa aina moja. Asichimbe la pili mpaka awe amevuna la kwanza na kuhesabu fedha mkononi.

Jirani yako atakwambia kwamba bwawa dogo halina faida. Ni kweli, faida yake si kubwa. Lakini hasara yake nayo si kubwa, na mwaka wa kwanza mtu hukosea, atake asitake. Afadhali akosee katika shimo lililochimbwa na watoto wake wakati wa likizo kuliko katika mabwawa manne yaliyochimbwa kwa mkopo, au kwa fedha zilizokuwa zimewekwa kwa ajili ya karo.

Mambo haya tumekwisha kuyaona. Mwaka 2009 Serikali ilianzisha mpango wa kuinua uchumi, ikaazimia kuchimba mabwawa 200 katika kila jimbo, katika majimbo 140 ya uchaguzi. Kila bwawa lilikuwa na mita za mraba 300, na likatiwa vifaranga 1,000. Mpango ule uliwafundisha watu wengi kufuga samaki na kuwala, hata mahali ambapo wazee walikuwa hawajawahi kuonja samaki, wala hatuwezi kuudharau. Lakini msaada ulipokwisha, mabwawa mengi yaliachwa, yakawa mashimo ya matete na vyura. Wenye mabwawa hawakuwa wavivu. Walipewa bwawa, samaki na chakula kwa pamoja, kabla hawajajua hata kimoja kati ya vitu hivyo, na mbegu ya pili ilipotakiwa hawakujua waanzie wapi.

Mimi mwenyewe nilikosea, tena bila msaada wa mtu yeyote. Bwawa langu la kwanza nililijaza tilapia niliowanasa mtoni kwa wavu na kuwabeba kwa debe. Niliona ni werevu kupata samaki bure. Baada ya miezi minne bwawa lilikuwa likichemka samaki, nami nikawaita majirani waje kutazama. Baada ya mwaka nikafungua maji. Nikapata samaki ndoo kwa ndoo, na hakuna aliyezidi urefu wa kidole changu. Hatukuweza kuuza hata mmoja. Kuku walifurahi sana.

Sababu ni hii. Tilapia jike huanza kuzaa angali mdogo, na huzaa tena na tena maji yakiwa na joto. Mayai yake huyabeba mdomoni mpaka yaanguliwe, hata watoto huwalinda humo humo, kwa hiyo wengi huokoka. Tena jike akibeba mayai hali chakula, wala hakui. Basi bwawa lenye madume na majike hujaa watoto, chakula hakiwatoshi, na wote hudumaa, wakubwa kwa wadogo. Ndiyo maana nasema usichote samaki mtoni. Nunua vifaranga madume watupu kwa mtu mwenye kituo cha kuzalisha anayejulikana na Afisa wa Uvuvi wa kaunti yako. Dume hukua upesi kuliko jike. Ukiuziwa vifaranga kwa bei rahisi mno kando ya barabara, jua kwamba umenunua tatizo lile lile lililokuwa langu.

Lakini kabla ya kuchagua tilapia, jiulize shamba lako liko juu kiasi gani. Hapa ndipo watu wengi hupotea. Husikia kwamba hoteli za mjini zinataka tilapia, wakaenda kununua tilapia, wala hawakuyauliza maji yao.

Tilapia ni samaki wa joto. Hustawi maji yakiwa kati ya digrii 25 na 30. Maji yakishuka chini ya digrii 20 hukua kwa shida, na yakizidi kupoa huacha kula kabisa. Wewe uliye Mwea au Ahero, katika mita 1,200 hivi juu ya bahari, huna haja ya kutafuta samaki mwingine. Aliye Trans Nzoia atapata tilapia, ila awe na subira, maana watachelewa. Lakini ndugu yangu wa Kinangop au Ol Kalou, mahali palipo juu ya mita 2,300 na penye baridi kali ya alfajiri, tilapia wako watakaa mwaka mzima wakikutazama tu.

Samaki wa nchi ya baridi ni trauti. Huyu si wa asili yetu. Aliletwa kutoka Uskoti mwaka 1905 na kutiwa katika mto Gura, milima ya Nyandarua, na tangu mwaka 1948 pamekuwa na kituo cha kuzalisha trauti huko Kiganjo. Nyama yake ni nzuri na bei yake ni nzuri. Walakini trauti hataki bwawa la maji yaliyosimama. Hutaka maji safi, baridi, yanayoingia na kutoka mchana na usiku, na chakula chake ni cha kununuliwa. Kama huna kijito kisichokauka kiangazi, mwache. Simshauri mtu aanze na trauti, hata kama jirani yake amefaulu.

Yuko pia kambare. Huyu ni mvumilivu kuliko wote, maana aweza kuvuta hewa ya juu maji yakiwa mabaya. Hukua upesi, lakini hula wenzake. Ukitia wakubwa na wadogo pamoja, mwishoni utabaki na wachache walionenepa. Tena hazai kwa urahisi katika bwawa, hivyo kila msimu utanunua mbegu upya. Wafugaji waliokwisha kuzoea hutia kambare wachache kati ya tilapia ili wale watoto wa tilapia. Ni ujanja mzuri, lakini uache mpaka mwaka wa pili.

Sasa nije kwenye bwawa lenyewe. Mita 10 kwa 15 zatosha. Chagua mahali pa mteremko mdogo, ili maji yaingie yenyewe upande wa juu na kutoka yenyewe upande wa chini. Upande mmoja uwe na kina cha nusu mita, na mwingine mita moja au zaidi kidogo. Udongo uwe wa mfinyanzi. Chukua gao, lilowanishe, lifinyange kama tonge, ulirushe juu na kulidaka. Likivunjika, tafuta mahali pengine. Kisha chimba shimo la kujaribia, lijaze maji jioni, na asubuhi tazama yamebaki kiasi gani. Weka bomba la kutolea maji chini kabisa, na wavu wa matundu madogo katika bomba la kuingizia na la kutolea. Kama maji ni ya mto, uliza habari za kibali kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Na kama ni ya mfereji wa skimu, zungumza na kamati yenu ya maji kabla ya kushika jembe. Ugomvi wa maji kati ya majirani ni mgumu kuumaliza.

Bwawa likiisha kuchimbwa, usitie samaki. Mwaga chokaa ya shambani chini na katika kingo, ujaze maji kidogo, ungoje wiki moja au mbili. Kisha tia samadi. Mimi hujenga kizimba kidogo cha fito katika pembe ya bwawa na kutia samadi humo, isitawanyike. Siku zinavyopita maji yataanza kugeuka rangi ya kijani. Kijani kile ni chakula. Ni mimea midogo isiyoonekana kwa macho, na tilapia huila kama ng'ombe alavyo nyasi. Mtu anayetia vifaranga katika maji meupe ni sawa na mtu anayepeleka ndama katika boma la mchanga.

Kipimo chake hakihitaji fedha. Zamisha mkono wako mpaka kiko, ukiwa umekunja kiganja. Ukiona vidole vyako vizuri, ongeza samadi na ungoje. Vidole vikipotea maji yanapofika karibu na kiko, bwawa liko tayari. Na kama kiganja kinapotea kabla maji hayajapita kifundo cha mkono, samadi imezidi. Acha kutia, uongeze maji safi.

Katika bwawa hili la mita za mraba 150 tia vifaranga 300, yaani wawili kwa kila mita ya mraba. Muuzaji atakushauri uchukue 1,000. Mshukuru, uchukue 300. Samaki wakisongamana hukosa hewa kwanza, kisha chakula. Wabebe asubuhi na mapema, kabla ya jua kali. Ukifika usiwamwage. Liache lile gunia la plastiki lielee bwawani kwa muda wa robo saa au zaidi, kisha tia maji ya bwawa ndani yake kidogo kidogo, halafu uuinamishe mdomo wake samaki watoke wenyewe. Nimeona watu wakipoteza nusu ya mbegu yao katika dakika moja kwa kukosa kungoja robo saa.

Kuhusu chakula sina mengi. Mapumba ya mchele au ya ngano, majani ya viazi vitamu na ya kabichi, na vyakula vya kununuliwa ukiweza. Lisha mahali pamoja na saa zile zile, ili samaki wazoee kuja nawe uwaone. Wakiacha kula, acha kuwapa. Kinachobaki huoza chini na kula hewa yao. Ukiamka alfajiri ukawaona wote wamekuja juu wakipanua midomo, usidhani wana njaa. Wanatafuta hewa. Usiwape chakula wala samadi siku hiyo, bali ingiza maji mapya upesi.

Maadui utawajua mwenyewe: mdiria, korongo, kenge, fisi maji. Lakini adui aliyeua samaki wengi kuliko hao ni pampu ya dawa. Dawa ya kupe ikitiririka kutoka josho, au maji ya pampu yakioshwa karibu na mfereji, mabwawa yote ya chini hufa siku moja. Wakulima wa pareto wajue kwamba pareto, isiyomdhuru sana mtu, ni sumu kali kwa samaki. Na maji yanayotoka katika jaruba la mpunga lililopigwa dawa yasiingie bwawani kamwe.

Kingo zifyekwe daima, maana nyasi zinazoning'inia majini huficha mbu na konokono wa kichocho. Na uzungushe ua. Bwawa la mita moja latosha kumzamisha mtoto, nalo hukaa karibu na nyumba.

Liko jambo moja ambalo watu hawapendi kulisikia. Samaki wako wasitoroke. Katika Ziwa Naivasha, karpu walianza kunaswa mnamo mwaka 2001, na inaaminika walishuka na Mto Malewa kutoka katika mabwawa ya juu baada ya mvua kubwa. Katika miaka michache karpu wakawa wengi kuliko samaki wengine katika nyavu za wavuvi. Samaki hao waligeuza ziwa zima namna hiyo. Kwa hiyo, usichimbe mahali panapofurika, utazame wavu wa bomba la chini kila wiki, na samaki usiowataka usiwamwage mtoni.

Baada ya miezi 6 au 8 nasa wachache uwapime. Wakifika robo kilo, tafuta mnunuzi kwanza, kisha fungua maji. Ikiwa katika 300 wamebaki 250, una kilo zaidi ya 60. Waache wa nyumbani kwanza, maana watoto waliochimba wanastahili kula, na wengine wapeleke sokoni asubuhi ile ile. Kisha liache bwawa likauke mpaka tope lipasuke, utie chokaa tena. Wakati linapokauka utakuwa na wiki mbili za kukaa na mama wa nyumbani na daftari lako, na hapo ndipo mtazungumza kama bwawa la pili lichimbwe au la.