Kipimo kikisema si malaria, tukiamini

Ni mara ngapi umeamka na homa na maumivu ya kichwa, ukaenda moja kwa moja kwenye duka la dawa kununua tembe za malaria? Ikiwa unaishi Kisii au Nyamira, huenda hukumbuki hesabu. Sikulaumu. Wengi wetu katika nyanda hizi za juu hatujasahau mvua za El Niño za 1997 na 1998, malaria ilipozuka ghafla. Hadi leo homa ikituingia, ndiyo tunayoitaja kwanza.

Nami daktari sikuwa tofauti. Mnamo 2010, Shirika la Afya Duniani liliposhauri kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa, nilikidharau kile kipimo cha haraka. Tone la damu kutoka kidoleni, kijibamba cha plastiki, dakika 15 au 20 za kungoja! Kingenifunza nini mimi niliyesomea udaktari?

Ajabu ni kwamba M-Pesa ilipoanza 2007 sikusita hata kidogo. Sababu naijua sasa. M-Pesa ilinirahisishia shughuli zangu bila kunibishia. Kipimo kilinikosoa mbele ya mgonjwa, na hilo halikunipendeza.

Siku moja mama mmoja kutoka upande wa Keroka alimleta mtoto wake wa miaka miwili, mwili ukichemka. Kipimo kilionyesha hana malaria. Hata hivyo nilimwandikia dawa ya malaria, na mama akaondoka ameridhika. Baada ya siku mbili walirudi. Mtoto alikuwa akipumua kwa shida, kifua kikibonyea ndani kila alipovuta pumzi. Ilikuwa nimonia. Alilazwa, akapona, lakini siku zile mbili nilizipoteza mimi.

Sisemi kipimo hakikosei. Kinaweza kuonyesha malaria majuma kadhaa baada ya mgonjwa kupona, kwa sababu mabaki ya vijidudu hukawia kwenye damu. Pia, homa ikiendelea baada ya jibu la kwamba huna malaria, rudi upimwe tena. Lakini jibu hilo halina maana kwamba huumwi. Maana yake ni kwamba tutafute kwingine: mapafu, njia ya mkojo, masikio, tumbo.

Na mtoto mwenye homa akipumua haraka, akikataa kunyonya, akilegea au akishikwa na degedege, usipitie dukani. Mkimbize hospitalini mara moja.

Kwa hivyo, msomaji wangu, utakapopimwa na kuambiwa huna malaria, usimsihi daktari akupe tembe. Muulize, "Daktari, kama si malaria, basi ni nini?" Na daktari naye asiharakishe kalamu kabla ya kulitafutia swali hilo jibu.