Yaurti "bila sukari" ya Lubumbashi iwe bila sukari kweli

Kengele ya mapumziko inapolia kwenye shule za Katuba, Kenya au Ruashi, mama wauzaji wamekwisha kufika mbele ya mlango. Ndani ya ndoo yenye mfuniko, kati ya vipande vya barafu, mna sashe za yaurti: nyeupe, njano, nyingine nyekundu kidogo. Mtoto anauma pembe ya sashe, ananyonya, anarudi darasani. Kwa wazazi wengi wa Lubumbashi hicho ni chakula cha afya, kwa sababu ni maziwa. Ni maziwa kweli. Lakini ni sukari pia, na mara nyingi ni sukari ndiyo inayouza.

Hesabu yake si ngumu. Mama akitia kikombe kimoja cha sukari, tuseme gramu 200, ndani ya lita mbili za maziwa, kila robo lita inabeba gramu 25. Hizo ni vijiko vidogo sita. Sasa OMS, Shirika la Afya Duniani, lilitoa mwongozo mwaka 2015: sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu ambayo mwili unapata kwa siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima anayekula kalori 2,000, asilimia 5 ni zile zile gramu 25. Mtoto wa miaka minane hali kalori 2,000. Chupa moja imemaliza siku yake kabla ya chai ya jioni.

Ndiyo maana ni jambo jema kuona familia zinaanza kupika yaurti nyumbani, nzito, ya kuchujwa, ile inayoitwa ya Kigiriki, na kuitia ladha bila kugusa mfuko wa sukari. Video za kufundisha zinapita kwenye simu, dada anamtumia dada, na mwenye ugonjwa wa sukari anapata tena kitu kitamu cha kula baada ya bukari. Jambo hilo linastahili kuungwa mkono. Linastahili pia kuambiwa ukweli, maana katika hayo mapishi kuna mahali watu wanadanganyana, na anayelipa ni mgonjwa.

Kwanza, isidhaniwe kwamba ni chakula cha wageni. Wagiriki wameishi Lubumbashi tangu wakati mji ulipoitwa Élisabethville. Wana kanisa lao la Orthodoksi mjini, na wazee wanakumbuka wafanyabiashara Wagiriki wa Kasenga waliokuwa wanaleta samaki wa Luapula hadi kambi za wafanyakazi wa migodi. Wala kugandisha maziwa si siri ya Ulaya. Watu wa Kivu wana mashanza yao. Na Katanga, hata pasipo ng'ombe wengi, ina munkoyo: bibi anapika uji wa mahindi, anaungoja upoe mpaka uwe vuguvugu, ndipo anatia mizizi. Akitia mapema, moto unaharibu kazi ya mizizi. Akichelewa, uji umekufa baridi. Aliyejua kupima joto la munkoyo kwa mkono anajua tayari nusu ya yaurti.

Nusu nyingine ni hii. Maziwa yanapashwa juu ya mbabula mpaka yanakaribia kuchemka, moshi mwembamba ukitoka na povu likipanda pembeni, na yanakaa hapo dakika kumi hivi yakikorogwa. Kazi hiyo inaua vijidudu, na inafanya yaurti ishikane vizuri baadaye. Maziwa ya ng'ombe yaliyonunuliwa kwa mfugaji yachemshwe kabisa, hapo hakuna mjadala, kwa sababu kifua kikuu na homa nyingine za ng'ombe hupitia humo. Kisha yanaachwa yapoe hadi kidole safi kiweze kukaa ndani huku ukihesabu kumi bila kuungua. Ni joto la karibu digrii 43. Hapo vinatiwa vijiko viwili vya yaurti hai kwa kila lita, vinachanganywa polepole, sufuria inafunikwa na kufungwa ndani ya blangeti zito, na haiguswi kwa saa sita mpaka nane. Wanaofanya kazi humo ni bakteria wawili, mmoja akimsaidia mwenzake. Wanakula sukari ya maziwa yenyewe na kuigeuza kuwa asidi.

Lubumbashi iko juu, karibu mita 1,200, na mwezi wa sita na wa saba usiku unaweza kushuka chini ya digrii 10. Yaurti iliyoganda vizuri mwezi wa kumi inaweza kubaki maji maji mwezi wa saba, na mama akasema mbegu ilikuwa mbaya. Si mbegu. Ni baridi. Wakati huo termosi ya chai, au sanduku lenye chupa ya maji moto pembeni ya sufuria, vinafanya kazi kuliko blangeti peke yake.

Ikishaganda, inamwagwa ndani ya kitambaa cheupe cha pamba kilichochemshwa, si kikwembe cha rangi, na kuning'inizwa saa tatu hivi. Maji ya njano yanadondoka. Lita moja inabaki karibu nusu, wakati mwingine chini ya nusu. Hapo ndipo yaurti ya Kigiriki inapata jina lake. Proteini inakuwa karibu mara mbili ya ile ya yaurti ya kawaida, na sehemu ya sukari ya maziwa inaondoka na yale maji. Sehemu, si yote. Hata yaurti isiyoongezwa chochote inabaki na gramu tatu au nne za sukari yake ya asili katika kila gramu 100. Mwenye diabeti anaweza kuila, lakini aihesabu. Na yale maji yaliyodondoka asipewe yeye ayanywe kama dawa, maana sukari ya maziwa imekimbilia humo; yanafaa kukandia mikate au kupikia uji wa watoto.

Wapo wanaokwepa kuchuja kwa kuongeza maziwa ya unga mpaka yaurti inasimama kijiko. Inasimama, ndiyo. Lakini pamoja na uzito wameongeza sukari ya maziwa, kwa hiyo si kitu kimoja, na haifai kuuzwa kwa jina moja.

Udanganyifu mkubwa zaidi ni asali. Asali ya misitu ya Katanga ni nzuri, ina harufu ya maua ya porini, na wengi wanaamini kwamba kwa kuwa Mungu ameitengeneza, haihesabiwi. Damu ya mgonjwa inaihesabu. Kwa hesabu ya OMS asali imo ndani ya sukari ya kuongezwa sawa na sukari ya duka, na juisi ya matunda imo pia. Yaurti yenye asali iitwe yaurti ya asali. Akiiita "bila sukari" na kumuuzia baba mwenye vidonda vya miguu, muuzaji huyo anamfanyia vibaya, hata kama nia yake ni safi.

Na vile vidonge vya utamu visivyo na kalori? Mwezi wa tano mwaka 2023 OMS ilishauri visitumiwe kwa lengo la kupunguza uzito. Ushauri huo haukuwahusu waliokwisha kuwa na diabeti, na anayevitumia kwa mpango na munganga wake aendelee kumsikiliza munganga. Lakini mtoto hana sababu ya kuvila. Ulimi uliozoea utamu wa vidonge unabaki unadai utamu, na kesho atarudi kwenye ile sashe nyekundu.

Ladha ziko uani. Majani ya sinda, yale ya chai ya jioni, yakitiwa ndani ya maziwa moto na kutolewa kabla ya kutia mbegu, yanaacha harufu safi inayofanya ulimi udhani kuna kitu kitamu. Ganda la limau lililokwanguliwa, vanila ya kweli kwa anayeweza kuipata, mdalasini kidogo: vyote vinafanya kazi hiyo. Karanga zilizokaangwa na kutwangwa zinaipa yaurti mwili. Embe la mwezi wa kumi na mbili, pera, hata masuku yanayouzwa kandokando ya barabara mvua zikianza, yakatwe vipande vidogo na kuwekwa juu, kijiko kimoja au viwili. Tunda zima lina nyuzi zinazopunguza kasi ya sukari yake, juisi haina. Papai na nanasi mbichi viwekwe wakati wa kula tu, kwa sababu vina nguvu ya kuvunja proteini na yaurti ikilala navyo inakuwa chungu. Tangawizi mbichi vilevile inakata maziwa, ichemshwe kwanza. Na nani alisema lazima iwe tamu? Yaurti nzito yenye chumvi, pilipili na avoka iliyopondwa, pembeni ya samaki wa kukaanga, haina haja ya kuomba radhi kwa mtu.

Kwa watu wazima wengi wa kwetu, ambao tumbo linanguruma kila wakinywa kikombe cha maziwa, kuna faida nyingine. Bakteria wamekwisha kula sehemu ya ile sukari ya maziwa inayosumbua tumbo, kwa hiyo yaurti hupita vizuri pale maziwa yanapokataliwa.

Sasa gharama, maana hapo ndipo mapishi mengi ya kwenye simu yananyamaza. Maziwa mengi ya Lubumbashi ni ya unga, na yanatoka mbali. Lita moja inataka gramu 130 hivi za unga, na baada ya kuchuja familia inabaki na nusu lita. Kwa hiyo yaurti ya Kigiriki inakula maziwa mara mbili. Familia yenye watoto sita haiwezi kuchujia wote kila siku, na hakuna haja. Ipike lita mbili, ichuje lita moja kwa ajili ya mgonjwa na wazee, ile nyingine wanywe watoto kama ilivyo, bila sukari au na sukari inayopungua kijiko kimoja kila wiki. Ulimi wa mtoto unafuata ukipewa muda. Na kabla ya kununua, mtu asome maandishi ya mfuko: kuna unga ambao mafuta ya maziwa yametolewa na kuwekwa mafuta ya mimea. Utaganda, lakini ni vizuri anayelipa ajue analipia nini.

Maji nayo. Haut-Katanga inaijua kipindupindu, hairudi mara moja. Maji ya kuchanganyia unga yachemshwe, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kushika kitambaa, kwa sababu kuchuja ni kazi inayokuja baada ya moto na hakuna moto mwingine utakaosafisha kosa.

Halafu kuran. Laini kutoka Inga hadi Kolwezi, zaidi ya kilomita 1,600, imebeba umeme kuja Katanga tangu miaka ya 1980 kwa ajili ya shaba. Mwadingusha kwenye mto Lufira iko tangu 1930. Jimbo halikukosa umeme wa kuzungumzia. Lakini mama wa Kampemba au wa Annexe anapanga yaurti yake kufuatana na delestaji, na frigo yake kwa siku nyingi ni kabati la kutunzia vyombo. Sukari nyingi ndani ya sashe inaficha uchachu wa yaurti iliyokaa joto siku nzima. Anayeondoa sukari anaondoa hilo pazia: yaurti yake itaonja ilivyo. Wenye mamlaka wanaozungumza juu ya kupambana na diabeti wangeanza na hapo, kwa sababu insulini nayo inataka baridi, na inakaa katika frigo hiyo hiyo isiyo na moto.

Kuwafukuza mama wauzaji mbele ya shule kungekuwa rahisi, na kungekuwa dhuluma. Ndoo hiyo inalipa karo za watoto wao. Mama hakuanzisha tamaa ya sukari. Anauza kile ambacho mtoto anaomba. Huduma ya usafi ya komini ikifika kwake, ifike kumwonyesha namna ya kuchemsha kitambaa na kuandika kwa kalamu kilichomo, kabla ya kumdai franka za karatasi. Wakuu wa shule nao wanaweza kumwambia muuzaji jambo dogo: kati ya sashe hamsini, kumi ziwe hazina sukari, zenye sinda au karanga, na ziuzwe bei ile ile. Baki ya sukari ambayo hakununua inamrudishia sehemu ya faida.

Na anayekunywa dawa za diabeti asiamke siku moja akakata sukari yote bila kumwambia munganga, kwa sababu dawa iliyopimwa kwa chakula cha jana inaweza kumwangusha leo.

Wakati mwepesi wa kujaribu ni mwezi wa tano, mvua zikiwa zimekwisha. Yaurti iliyogandishwa mchana ndani ya blangeti, jua likiwa bado lina nguvu, inaning'inizwa jioni mahali penye upepo na kufunikwa neti ya nzi. Usiku wa Lubumbashi unaipoza bure, na asubuhi iko tayari kabla watoto hawajavaa viatu.