Jabali Halioti Tena

Ndugu zangu wa Tabora, mlioko nyumbani na mliotawanyika Dar es Salaam, Mwanza na ng'ambo, nina ombi kwenu kuhusu vilima vyetu. Najua mtu wa Moshi au wa Mbeya akisikia Mnyamwezi anataja mlima atacheka kidogo. Acha acheke. Uwanda wetu uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na vilima vyenyewe vimechomoza kiasi tu kuupita msitu wa miombo: majabali ya matale yaliyobebana, mengine yamekaa pembeni kabisa hadi unajiuliza yamezuiwa na nini.

Lakini nendeni Kwihara mwishoni mwa kiangazi, kabla ya mvua ya kwanza. Mitundu inakuwa imeanza kutoa majani mapya, na majani hayo hayaanzi na ukijani. Huanza mekundu, mengine rangi ya shaba, na jua la jioni likiyapiga utadhani kilima kimewashwa taa kwa ndani. Pimbi wanaota jua juu ya mwamba, wakisikia mguu wa mtu wanazama kwenye nyufa. Mkuyu umepenyeza mizizi mahali ambapo hata kisu hakipiti. Mvua ikinyesha, maji hujaa kwenye vishimo vya mwamba, yanayozidi hutiririka na kuzama miguuni pa jabali. Wazee waliochimba visima huko chini hawakubahatisha.

Wataalamu wa miamba wanasema matale ya sehemu hii ya nchi yana umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Sisi tunayaponda tupate kokoto za msingi wa nyumba.

Mpagazi wa zamani aliyajua majabali haya kuliko sisi. Alitoka Bagamoyo na mzigo wa kilo 30 hivi begani, vitambaa vya merikani au shanga, akakata Ugogo, akaingia Mgunda Mkali, pori ambalo misafara ililiogopa kwa ukame wake. Humo vituo viliitwa kwa mawe: Jiwe la Mkoa, Jiwe la Singa. Jiwe lilikuwa kivuli, lilikuwa alama ya njia, na aliyebahatika alikuta maji. Kirangozi, kiongozi wa msafara, alipofikisha watu wake huku kwetu Unyanyembe, mizigo ilishushwa kwanza, nguo nzuri zikatolewa, ndipo msafara ukaingia mjini kwa ngoma na milio ya bunduki. Richard Burton na John Speke waliingia Kaze, Tabora ya leo, kwa mtindo huo Novemba 1857, na wenye kuujua mtindo walikuwa wapagazi.

Kuhusu Kwihara yenyewe, vitabu vimejaa wageni. Stanley alikuwa pale Agosti 1871 Mtemi Mirambo alipoushambulia mji wa Tabora, akauona moshi wake. Livingstone alibaki pale tangu Machi hadi Agosti 1872 akingoja wapagazi kutoka pwani. Miezi mitano ya kutazama vilima vilevile. Mwaka uliofuata watumishi wake Susi na Chuma na wenzao walipita hapo na maiti yake kuelekea Bagamoyo. Leo tembe la Kwihara ni makumbusho, nami nasema liendelee kutunzwa. Ila aliyelala pale kama mgeni tunamjua kwa jina na tarehe, na kilima kinacholitazama tembe hilo wajukuu wetu wengi hawajui kinaitwaje.

Hapo ndipo wito wangu ulipo. Habari za Mtemi Isike, aliyejilipua kwa baruti ndani ya ngome yake Januari 1893 ili Wajerumani wasimkamate, zimesalimika kwa sababu ziliandikwa. Habari za vilima ziko vinywani mwa wazee: wapi watemi walizikwa, wapi palitambikiwa mvua ilipochelewa, pango gani watu walijificha vita vilipokuja, mti gani haukatwi na kwa nini. Zamani mwiko ulikuwa na mwenyewe, mtemi. Utemi ulipofutwa mwanzoni mwa 1963, mwiko ulibaki lakini wa kuusimamia hakuwepo tena. Sililii utemi. Nasema ile kazi moja ya kulinda hatukumkabidhi mtu.

Watoto nao wamepungukiwa. Wanyamwezi na Wasukuma tunayo hadithi ya Shing'weng'we, dude lililomeza watu wote na mifugo yao, akasalia mama mjamzito aliyejificha kwenye pumba. Mwanawe, Masala Kulangwa, alikua akiuliza baba yake yuko wapi. Akiua mdudu au ndege anamletea mama: Shing'weng'we ndiye huyu? Siye, mwanangu. Hadithi hiyo isimulieni jioni chini ya jabali kubwa, mahali sauti inaporudi, kisha mtazame mtoto anavyoligeukia lile giza la kwenye mwamba. Darasani haina nguvu hiyo.

Sasa niwaombe kwa upole wenye nyundo. Nimewaona kina mama wakiwasha moto juu ya mwamba hadi uchanike, kisha wanakaa juani na vichanga mgongoni wakiponda ndoo kwa ndoo. Siwezi kumwambia mama huyo aache, kwani watoto hawali urembo wa kilima. Nasema mawe yapo hata mashambani, yaliyolala chini yasiyo na kaburi wala kisima karibu. Kijiji kikae, kionyeshe machimbo yawe wapi na wapi pasiguswe. Na nyie wakulima wa tumbaku, kuni za mabani ya kukaushia zitoke kwenye miti mliyoipanda. Mtundu ukikatwa huweza kuchipua, japo polepole. Jabali halioti tena.

Wala hili si jambo la kuota ndoto. Majirani zetu wa Shinyanga walikuwa na nchi iliyobaki vumbi. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), watu wakarudia ngitili, desturi yao ya kutenga malisho na kuyapumzisha. Miti ikarudi katika vijiji zaidi ya 800. Mbegu kubwa ilikuwa visiki vilivyoachwa vichipue na watu waliokubaliana. Nasi ngitili tunaijua.

Sheria iko upande wetu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 zinakipa kijiji uwezo wa kutenga msitu wake na kuutungia sheria ndogo. Kwa hiyo mkutano mkuu wa kijiji ujao, kuanzia Tura hadi Urambo, mtu mmoja asimame aombe kilima kiwe ajenda. Mwalimu apeleke darasa lake kwa wazee na madaftari, waandike jina la kila kilima, la kila pango, na aliyesimulia. Kijana mwenye simu arekodi sauti, kwa Kinyamwezi, bila kumkatiza mzee hata akirudia. Nakala moja ikae shuleni, moja kwa mtendaji wa kijiji. Na nyie wa Dar, mkija likizo ya Desemba, waulizeni bibi na babu zenu kabla ya kuuliza bei ya kiwanja.