Mhandisi Haogopi Grisi

Mjukuu wangu alinijia likizo iliyopita akiwa na shahada yake mpya ya uhandisi mitambo. Alikuwa amepata nafasi mbili za kazi. Ya kwanza ilikuwa katika ofisi ya miradi mjini, kuandaa ratiba na taarifa. Ya pili ilikuwa porini, kufunga pampu na mabomba ya mradi wa maji chini ya mhandisi mzee, mtu mkali. Nilipomshauri achukue ya pili, alicheka kwa adabu akasema, "Babu, nimesoma miaka minne ili nikashike spana?"

Swali hilo liliniudhi, wala si kwa sababu kijana alikosa heshima. Liliniudhi kwa sababu nawajua waliomfundisha kuuliza hivyo. Ni sisi walimu.

Nilistaafu nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu. Kwa miaka mingi nilisikia, na mara nyingine nilisema kwa kinywa changu, kwamba asiyeweza vitabu aende ufundi. Aliyefaulu tulimpa kalamu, aliyeanguka tukampa nyundo. Hatukuona kwamba tulikuwa tunamfundisha yule aliyefaulu kuidharau nyundo, naye ndiye tuliyemtegemea awe mhandisi wetu! Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kijana afanye kazi kwanza ndipo aende chuo kikuu. Utaratibu huo uliachwa baadaye, na wasomi wengi hawakuulilia.

Gharama ya dharau hiyo niliilipa mwenyewe. Katika miaka ya tisini chuo chetu, kilichokuwa kwenye nyanda za juu, kilipata mradi wa maji. Mhandisi alileta michoro safi, ratiba nzuri na hesabu za fedha zilizopangwa vizuri. Pampu ilifungwa ukingoni mwa mto, ikajaribiwa mwezi wa Machi, maji yakafika tangini, tukapiga makofi, nami nikatia sahihi. Ilipofika Oktoba pampu ikaanza kunguruma kama mtu anayesaga kokoto. Maji yakapungua, kisha yakakatika kabisa. Wanachuo wakawa wanaamka alfajiri kwenda bondeni na ndoo, na vipindi vya asubuhi vikawa havina watu.

Mhandisi alituandikia barua kutoka mjini kwamba pampu ni mbovu, tununue nyingine. Fedha hatukuwa nazo. Nikamwita fundi mmoja mzee aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya chai. Alisikiliza mngurumo, akateremka hadi majini, akapima kwa kamba, akapanda tena. "Mwalimu," akasema, "pampu hii si mbovu. Inanyimwa maji."

Maelezo yake yalikuwa ya kitabuni kabisa, ingawa yeye hakuyapata kitabuni. Pampu ya namna ile haiyavuti maji kwa nguvu zake peke yake. Ni kanieneo ya hewa inayoyasukuma maji kupanda kwenye bomba. Pwani, usawa wa bahari, kanieneo hiyo inaweza kuyapandisha maji mita 10 hivi na si zaidi. Mahali palipoinuka mita 1,800 inabaki mita 8 na kidogo, na kabla maji hayajafika kwenye pampu sehemu nyingine imekwisha kupotea katika bomba, viungo na valvu. Machi mto ulikuwa umejaa na maji yalikuwa karibu. Oktoba yalikuwa yameshuka karibu mita 7 chini ya pampu. Fundi alichimba kitako kingine chini zaidi, akaishusha pampu, na maji yakarudi. Masika ilipokaribia aliipandisha tena.

Mhandisi yule hakuwa mjinga. Kanuni hiyo aliisoma, na pengine aliijibia mtihani vizuri. Alichokosa ni kusimama ukingoni mwa ule mto na kumuuliza mwanakijiji yeyote: kiangazi maji hufika wapi?

Najua nitakachojibiwa. Wataniambia kwamba mhandisi wa miradi si fundi. Kazi yake ni mikataba, bajeti, ratiba na kuwaunganisha watu. Ni kweli, na kazi hizo si ndogo. Lakini kila karatasi ya mradi inazungumzia kitu fulani kilichopo duniani. Ratiba ikisema pampu itafungwa kwa siku 2, nani atajua kwamba zege la kitako halijakauka vya kutosha? Mkandarasi akisema mashine imejaribiwa, nani atajua la kumuuliza? Asiyewahi kufunga mtambo atatia sahihi kama nilivyotia mimi, na mimi nilikuwa mwalimu tu.

Sheria yenyewe inaliona jambo hili. Shahada peke yake haimfanyi mtu kuwa mhandisi mtaalamu nchini mwetu. Tangu 2003 Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina mpango wa kuwaweka wahitimu kazini miaka mitatu chini ya uangalizi wa wahandisi wazoefu. Lakini mpango mzuri huharibiwa na watu. Yuko mwajiri anayempokea kijana na kumtuma kutoa nakala za barua mwaka mzima. Yuko mhandisi mkubwa anayejaza daftari la mwanafunzi wake bila kuiona kazi yenyewe. Na yuko kijana anayeshukuru kwa yote mawili, kwa kuwa shati lake limebaki jeupe. Hawa watatu wanashirikiana kuiibia nchi, ingawa hakuna polisi atakayewakamata.

Kwa hiyo nasema wazi. Mwajiri, mpe kijana ovaroli kabla hujampa meza. Mwalimu mwenzangu, acha kuitaja karakana kama jela ya walioshindwa. Mzazi, usione haya mwanao mwenye shahada akirudi nyumbani ananuka dizeli. Nawe kijana, miaka mitatu au minne ya kufunga, kufungua, kupima na kukosea mbele ya mtu anayejua si miaka iliyopotea. Meza ya ofisi itakungoja, na siku utakapoikalia utajua unachokitilia sahihi.

Mjukuu wangu bado hajaamua. Nimemwambia kabla hajajibu aende kule porini siku moja tu, amtafute fundi mzee kuliko wote, akae karibu naye amsikilize.